Mguu Wangu na Mguu wa Einar

Novemba 14, Jumatatu
Hali ya hewa siijui. Dirisha la wodi linatazama ukuta wa matofali. Daftari hili kwa desturi ni la theluji, mvua na ngano, nimeliandika tangu baba aliponiachia shamba, lakini leo halina ngano. Slavka, mke wangu, ameniletea pamoja na kalamu na soksi safi.

Ijumaa nilikuwa ghalani napakia ngano kwenye lori, mguu wa kulia ukashikwa ghafla kama umetumbukizwa kwenye ndoo ya barafu. Nikavua buti. Unyayo mweupe kama chaki, vidole havina habari na mimi. Slavka aliendesha mpaka Winnipeg kwa mwendo ambao angekuwa binti yetu Larysa ningemnyang'anya funguo. Mpasuaji, Daktari Penner, mama mrefu mwenye sauti ya chini, akanieleza kwamba moyo wangu unadunda ovyo, umetengeneza bonge la damu na kulirusha mguuni, nalo limeziba ateri. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kisu: anapasua kinena, anaingiza mrija wenye puto dogo, analijaza na kulivuta bonge nje. Ya pili ni dripu: anapitisha mrija mwembamba mpaka kwenye bonge lenyewe, kisha dawa inadondoka tone tone kuliyeyusha, bila kupasua.

"Ipi nzuri?" nikamuuliza.

"Ningekuwa najua, mzee Nestor, nisingefanya utafiti. Mguu wako unaruhusu zote mbili. Ukikubali kuingia, bahasha ndiyo itakayoamua."

Nikakubali, maana mguu ulikuwa unaniua. Nesi wa utafiti, Remedios, akafungua bahasha mbele ya macho yangu. Kisu.

Basi nimeshonwa kinenani kama gunia la viazi, lakini mguu umepata joto na vidole vinacheza. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimeridhika kabisa. Saa nane wakamleta mtu kwenye kitanda cha pili.

Novemba 15
Anaitwa Einar Sigurdson. Dereva wa treni mstaafu, wa Gimli, mjane, ana mikono mikubwa na meno yake yote. Mguu wake ni wa kulia kama wangu, na bonge lake ni la wiki hii hii. Alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, sasa kaletwa kwetu. Bahasha yake ilisema dripu.

"Wewe walikupasua?" akaniuliza, na huku ananyoosha shingo aone.

"Walinipasua."

"Pole sana, bwana. Mimi nililala tu. Dawa inashuka tone tone, mimi nasoma gazeti, mara mguu huo ukaamka. Hata uzi sijatiwa."

Akafunua shuka kunionyesha. Kiplasta. Mtu kapona mguu kwa kiplasta! Nilitazama mshono wangu nikaona ni mbaya kuliko nilivyouona asubuhi.

Novemba 16
Slavka kamletea Einar soksi. Jozi mbili leo, moja yangu, moja yake. "Hana mtu, Baba Larysa," akaninong'oneza. "Kiti chake kitupu tangu juzi."

Kiti kikiwa kitupu si kosa langu.

Novemba 18
Nesi Remedios anapima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu, halafu kwenye mkono, anagawanya moja kwa jingine. Ikitoka moja kamili, mguu ni mzima. Mimi nimetoka sifuri nukta themanini na nane. Nikauliza la jirani.

"La mtu siyo lako, mzee."

"Tisini na saba!" Einar akajibu kutoka kitandani kwake, anacheka. "Nukta tisini na saba, jirani!"

Miaka arobaini nimelinganisha magunia na majirani na sikuwahi kukosa usingizi. Leo nitakosa kwa ajili ya kifundo cha mguu cha dereva wa treni.

Novemba 19
Einar katembea korido nzima bila kushika ukuta. Mimi nusu. Manesi wakampigia makofi.

Novemba 22, Jumanne. Digrii kumi na mbili chini ya sifuri, theluji nyepesi.
Tumetoka hospitali. Ndiyo, tumetoka, wingi. Slavka aligundua kwamba Gimli iko njia moja na sisi na kwamba mzee wa watu hajaruhusiwa kuendesha, kwa hiyo tukapanda wote watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Daktari kasema mguu wangu unyooshwe, kwa hiyo mimi nikapewa upande wa dirisha, na Einar akakaa katikati, bega kwa bega na mke wangu, mpaka Gimli.

"Unaendesha kama dereva wa mizigo, shemeji," akamwambia.

Shemeji! Nani kamuozesha dada yake nani?

"Ni sifa hiyo au tusi?" Slavka akauliza.

"Kwetu reli hakuna sifa kubwa zaidi."

Slavka kacheka. Utani wangu mimi ameuchoka tangu tuoane, lakini wa treni ni mpya. Kabla hatujaondoka Nesi Remedios alitupa maelezo sisi wawili pamoja: vidonge vya kuzuia damu isigande kila jioni, kupimwa damu kila wiki, na mboga za majani zisizidi kipimo cha kawaida, maana zikizidi zinavunja nguvu ya vidonge. Einar aliandika yote. Mimi nina akili zangu.

Desemba 6, Jumanne. Ishirini na moja chini.
Kliniki. Wana mashine ya kutembelea, mkanda unaokimbia chini ya miguu, unatembea mpaka shavu la mguu liume, nesi anaandika umbali. Mimi nilishuka nimeuma meno. Einar alitembea akaongea hali ya hewa, akatembea akaeleza jinsi ya kupika samaki, akatembea mpaka nesi akamwambia basi inatosha.

Kurudi, nilikaa mimi katikati. Goti liliniuma njia nzima lakini nilikaa.

Desemba 9
Theluji. Nimemuuliza Slavka kama angependa ningekuwa nimetiwa dripu. Akaniuliza kama nimelewa.

Desemba 15, Alhamisi
Einar kaja. Kapanda basi mpaka njia panda, akatembea kwa miguu yake hadi mlangoni kwetu, kwa makusudi, nina hakika, ili nione. Kaleta keki ya kwao yenye tabaka za plamu kavu. Alikunywa kahawa na donge la sukari katikati ya meno, akamtengenezea Slavka bawaba ya kabati ambayo mimi ningeitengeneza Jumamosi.

"Mguu vipi, jirani?"

"Kama chuma."

"Mshono hauwashi?"

"Hauwashi."

Unawasha kama umepakwa upupu. Yeye hana cha kuwasha. Bahasha moja, mkono wa nesi ungechukua ya chini badala ya juu, na mimi ndiye ningekuwa na kiplasta. Naliwaza hili nikilisha kuku, naliwaza kanisani. Roho inaniuma, siandiki uongo katika daftari langu mwenyewe.

Desemba 25
Krismasi yao. Einar kapiga simu kuwatakia heri watu ambao Krismasi yao haijafika. Slavka kaongea naye muda mrefu.

Januari 6, Ijumaa. Thelathini chini, nyota nyingi.
Mkesha wetu wa Krismasi, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu. Slavka alipika vyakula vyote kumi na viwili, bila nyama, kama mama yangu alivyopika. Katika mkesha huu tunaweka sahani moja ya ziada, na kiti, kwa ajili ya waliokufa au mgeni asiyetarajiwa. Tangu kaka yangu Bohdan afariki mimi huitazama sahani ile na kumwona yeye. Mwaka huu Slavka alimkalisha Einar kwenye kile kiti.

"Ni cha mgeni," alisema jikoni nilipombana. "Mgeni ndiye huyo."

"Asiyetarajiwa! Huyu unamtarajia kila wiki!"

"Nestor. Mtu alikuwa ale mkate na sardini peke yake usiku huu. Hebu ona haya."

Niliona haya kidogo, na wivu zaidi. Einar alikaa vizuri, akala ngano ya asali, akasifu supu, akauliza jina la kila chakula. Vilipofika vibunda vya majani ya bitiruti, vile ambavyo Slavka hukunja majani aliyoyagandisha tangu kiangazi, ndani anaweka donge la unga, juu mchuzi wa uyoga, Einar alichukua kimoja tu.

"Ongeza, shemeji, acha woga," Slavka akamwambia.

"Vitamu mno. Lakini nesi alisema majani kwa kipimo."

"Basi nitakufungia trei nzima uende nayo, ule kimoja kimoja."

Trei nzima. Vibunda hivi mimi nimevipenda tangu nilipokuwa sijui kufunga kamba za viatu, na mke wangu anafungia trei nzima mtu anayevila kwa kijiko cha dawa. Nikala vyangu, nikala vya Slavka, nikasema hadharani kwamba watu wa reli hawajui kula. Wakati wa kuondoka nilibeba mwenyewe vitu vya Einar hadi kwenye gari la jirani aliyempa lifti. Trei ilibaki barazani, nyuma ya majembe ya theluji. Ilikuwa baridi ya kutosha kuihifadhi.

Januari 8
Vibunda sita. Slavka anadhani niko ghalani.

Januari 9
Einar kapiga simu kushukuru. Hakutaja trei, kwa adabu. Hata adabu yake inanikera. Nimekula vingine nane.

Januari 11, Jumatano
Dhoruba. Barabara imefungwa, hatukwenda kupimwa damu. Nimemaliza trei.

Januari 13
Dhoruba bado.

Januari 21, Jumamosi
Naandika nikiwa nimelala chali, herufi zinakwenda zinakotaka. Naandika ya Jumanne.

Jumanne alfajiri niliinuka kwenda kuwasha tanuri, na mguu wa kulia haukuwa wangu. Ubaridi ule ule. Mara hii nilijua ni nini kabla sijautazama, na nilipiga kelele ambayo sikuipiga mara ya kwanza. Barabara ilikuwa na theluji, gari la wagonjwa likafuata nyuma ya katapila la kusukuma theluji njia nzima, na tulipofika vidole vyangu vilikuwa bado vinajikunja lakini Daktari Penner alipovigusa kwa sindano sikuhisi kitu.

Alitazama majibu yangu ya damu. "Damu yako ni nzito kama vile humezi vidonge. Unavimeza?"

"Namezaga kila jioni."

"Umekula nini wiki mbili hizi? Majani?"

Slavka alisimama pale pale kando ya kitanda. Nikasema ukweli, trei yote, baraza, majembe. Mke wangu akavuta kiti akakaa.

"Pengine ni majani, pengine ungeziba hata bila majani," daktari akasema. "Sasa sikiliza, saa inakwenda. Bahasha hakuna mara hii. Mguu umekufa ganzi lakini vidole vinasogea, kwa hiyo njia zote mbili zipo bado. Mimi ningependa kisu. Pale pana kovu, kupasua kutakuwa na kazi, lakini ni haraka. Dripu itakula usiku kucha na pengine zaidi, na mguu huu sijui kama una usiku kucha."

"Dripu," nikasema.

"Mzee Nestor."

"Nilikaa pembeni ya mtu aliyetiwa dripu. Nimeona kwa macho. Nataka dripu."

Slavka akatoka mbio. Alirudi anaburuta simu ya meza ya manesi mpaka waya ukaishia mlangoni, wakanisogeza na kitanda, akanibandika simu sikioni. Ilikuwa sauti ya Einar.

"Jirani, wakupasue."

"Ala! Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Sikiliza. Nilikudanganya. Sikusoma gazeti. Nilifungwa kitandani siku mbili mchana na usiku, nimekatazwa hata kuinua kichwa, maumivu nalia kama mtoto. Damu ikavuja kinenani, paja zima likawa jeusi, wakaniongezea damu ya watu. Halafu maneno yakanipotea, bwana. Namwita nesi, kinatoka kitu kingine. Walidhani ubongo unavuja damu. Yalirudi baadaye, lakini nilidhani ndiyo basi."

"Mbona hukusema?"

"Niliingizwa mle wodini nikakukuta umekaa, umeshonwa, umekwisha, mke wako anakumenyea chungwa. Mimi nimetoka kufa na hakuna hata mtu wa kumsimulia. Nikakuonea kijicho. Nikasema huyu naye nimpe cha kutamani."

Sasa naandika nilichowaza, kwa sababu nisipokiandika nitajidanganya baadaye. Niliwaza: anadanganya sasa. Niliwaza: anacho kitu kizuri na hataki nikipate. Kapata mguu, kapata kiti cha Bohdan, kapata cheko la mke wangu, sasa ananinyima hata dripu.

"Asante kwa ushauri," nikamwambia, nikamrudishia Slavka simu, nikamwambia daktari dripu.

"Baba Larysa, nakuomba," Slavka akasema. "Mume wangu, nakuomba."

Nikatia saini.

Yote aliyoyasema Einar ni kweli. Unalala chali na mrija kinenani na huruhusiwi kukohoa. Dawa inadondoka na huioni ikifanya kitu. Mguu unalia ndani kama jino bovu lenye urefu wa mtu. Slavka alikaa, anakunja na kukunjua leso, hakunilaumu hata mara moja, ningependa angenilaumu. Bonge liliyeyuka juu, chini likakataa. Kesho yake Daktari Penner akafunga dripu akanipasua, kile kisu nilichokikataa, akatoa lililobaki. Damu ikapita hadi kwenye kifundo na kuishia hapo. Unyayo una rangi ya zabibu.

Januari 22
Vidole havisogei.

Januari 24
Daktari kakaa kitandani kwangu. Madaktari hawakai kitandani. Nikamuuliza: ningekubali kisu Jumanne, mguu ungepona?

"Sijui. Nimeona miguu kama huo ikipona kwa kisu, nimeona ikipotea kwa kisu. Ungekuwa na nafasi zaidi, ndivyo ninavyoamini. Lakini kuamini siyo kujua, ndiyo maana nina bahasha."

Januari 26, Alhamisi
Leo. Chini ya goti.

Februari 2, Alhamisi
Einar kaja kwa basi. Kakaa kwenye kiti cha Slavka ili Slavka akalale. Niligeukia ukutani. Alikaa mpaka saa ya basi, kisha akasema, "Haya, jirani, wiki ijayo," akaondoka. Nilisikia nyayo zake koridoni, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kwenye lifti.

Februari 9
Kaja. Sikumwambia kitu. Kasoma gazeti kwa sauti, bei za kanola, yeye ambaye hajui kanola ni mmea gani.

Februari 14
Kigutu kinauma mahali ambapo hakuna mguu. Kidole gumba kinawasha. Kiko wapi?

Februari 16
"Unajua, mtu akininyamazia sana huwa naanza kuimba," Einar alisema leo.

"Usiimbe."

"Anaongea!" akamwambia nesi aliyekuwa anapita. "Dada, shahidi wewe, kaongea!"

Nilimuuliza kwa nini anakuja. Nilitegemea aseme ni kwa ajili ya uongo wake. Akasema nyumbani kwake saa inapiga kelele sana.

Machi 3, Ijumaa. Digrii nane chini, jua.
Nyumbani. Slavka kaweka mbao kwenye ngazi za baraza. Majembe ya theluji kayahamishia ghalani, hakusema kwa nini.

Machi 7
Nilimuuliza kama amenisamehe ile trei. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. "Ningekupikia trei kumi," akasema. "Ungeomba tu. Miaka yote hii hujui kwamba ningekupikia?" Halafu akalia, sufuria mkononi, na mimi sikuweza hata kuinuka haraka kumfikia.

Machi 20
Nimefungiwa mguu wa bandia. Unabana. Nimetembea kutoka kitanda hadi dirishani. Theluji ya shambani imeanza kuwa na mashimo.

Machi 29
Nesi Remedios kapiga simu kunikumbusha kliniki ya mwisho. Nikamuuliza mguu wangu umeandikwa upande gani, maana nimepata kisu, nikapata dripu, nikapata kisu tena.

"Upande wa kisu, mzee. Unahesabiwa pale bahasha ilipokuweka."

"Na ule wa Einar?"

"Upande wa dripu. Umepona."

Kwa hiyo hata kwenye hesabu. Mguu nilioupoteza nikikimbilia kitu chake ni pointi kwa upande wake. Nilicheka peke yangu mpaka Slavka akaja kuangalia.

Aprili 8
Matope. Bata bukini wanarudi, makundi makubwa.

Aprili 18, Jumanne. Digrii tisa juu ya sifuri, upepo wa kusini, udongo unakauka.
Kliniki ya mwisho. Tulikaa watatu kwenye pikapu. Einar katikati. Sikusema neno, nahitaji nafasi ya kunyoosha.

Daktari Penner alikuja kutusalimu. Nikamuuliza utafiti unasemaje, kisu au dripu. Akasema hesabu haijafungwa, wako mamia ya watu katika miji mingi, lakini akilazimishwa kubahatisha, mwisho wa mwaka miguu iliyopona itakaribiana pande zote, na dripu itakuwa na kuvuja damu zaidi, na kisu kitakuwa na kupasuliwa zaidi. "Kila upande una wanaotamani wangekuwa upande wa pili," akasema. Mimi na Einar hatukutazamana.

Nesi Remedios akanipima mguu mmoja, akaandika, akapiga mstari kwenye nafasi ya pili. Mashine ya kutembelea hakuniambia nipande. Nilikaa kwenye benchi na gongo langu, Slavka pembeni, na Einar akapanda.

Alitembea. Hakuongea hali ya hewa mara hii. Mkanda ulikuwa bado hauna kasi yoyote alipoinua mkono.

"Basi, dada. Shavu la mguu limeshika."

"Mapema hivi?" Remedios akashangaa. "Desemba ulikuwa unanipikia samaki humu."

"Uzee. Andika hapo hapo."

Akashuka. Akajisugua shavu la mguu, na alilisugua la kushoto. Mguu mbovu ni wa kulia. Mtu anaendesha treni maisha yake yote na hajui kudanganya kwa mguu unaohusika.

Nikajua anafanya nini. Ananificha. Anashusha mguu wake ili usiwe mbali sana na wangu usiokuwepo. Na hasira ikanipanda, ya kweli, ya moto, kwa sababu hata katika hili amenizidi: mimi nilificha vibunda asile, yeye anaficha hatua nisione.

"Panda," nikamwambia.

"Jirani, limeshika nakwambia."

"Umesugua mguu siyo wenyewe, Einar. Panda."

Slavka akanishika mkono. "Baba Larysa, mwache."

"Simwachi. Wale mamia ya watu nao wana miguu. Huyu nesi anaandika kitu ambacho daktari atamwambia mtu mwingine kitandani, saa inakwenda, achague. Mimi nimeshadanganywa mara moja juu ya mguu huo." Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimamaje. "Na usinihurumie. Nilikuonea wivu ukiwa mzima, nitakuonea ukiwa mzima, nina haki yangu. Usininyang'anye na hiyo. Panda utembee mpaka mwisho."

Einar alinitazama, macho yamejaa. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Akapanda.

Nesi akawasha mkanda, akaongeza kasi, akaongeza tena. Nilisogea na gongo langu mpaka ukingoni mwa mashine nikasimama pale, na sikutazama uso wake wala saa ya ukutani, nilitazama buti mbili, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alianza kuhema. Nikamwambia asilegee. Alitembea mpaka Remedios akasema mzee imetosha, umefika mwisho, na kila hatua aliyopiga niliitamani.